Chaki Ilikuwa na Mwenyewe

Zama za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, chumba kimoja kilikuwa na madarasa mawili. La asubuhi liliingia baada ya mchakamchaka na kutoka adhuhuri. La mchana lilikuwa limeshajipanga nje chini ya mwembe, likichungulia madirishani kuona tumefika wapi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeamua kwamba kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa shule ya msingi awe darasani ifikapo Novemba 1977, ilhali mpango wa mwanzo ulisema 1989. Miaka kumi na mitano ikakunjwa ikawa mitatu. Watoto walikuja. Vyumba havikuja kwa mwendo ule, na walimu ndio kabisa. Ndipo tukachukuliwa sisi, vijana tuliomaliza darasa la saba, tukafundishwa kazi huku tukiifanya: masomo kwa posta, vipindi vya redio, na siku nyingine tuko mbele ya wanafunzi, wengine wao wametupita urefu. Watani walisema herufi zile tatu maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Tulicheka nao, tungefanyaje.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa wilayani Muheza, upande mmoja michungwa na minazi, upande wa pili mkonge mpaka macho yachoke. Nilipewa darasa la tatu la asubuhi. La mchana lilikuwa la mama mmoja wa daraja la A, aliyesoma kwa wamisionari wa Magila na kufundisha tangu kabla ya Uhuru. Chumba kimoja, ubao mmoja, madawati yale yale, na kabati lililokosa mlango. Nikiacha chumba ovyo, yeye ndiye anayepoteza dakika za kipindi cha kwanza akitafuta kifutio. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kunifunda, na aliitumia yote.

"Mwanangu," aliniambia, "darasa halipangwi na mwalimu. Mwalimu ana mikono miwili, na mmoja umeshika chaki."

Alichonionyesha kilikuwa chepesi hata sikudhani ni maarifa. Kila kitu mle chumbani kilikuwa na mtoto wake. Kulikuwa na mwenye chaki, mwenye kifutio, mwenye visoda vya kuhesabia, mwenye kata ya maji, wenye madirisha, mmoja kwa kila dirisha. Kiranja alikuwapo, lakini hakushika kitu. Kazi yake ilikuwa kujua nani ana nini, na mwenye kitu akishikwa na homa, nani anamshikia. Mama yule hakuuliza darasa zima, "Kifutio kiko wapi?" Swali la namna hiyo, alisema, linajibiwa na watoto themanini kwa pamoja, na kifutio hakipatikani. Alitaja jina moja, na kifutio kikaja.

Mwenye chaki wangu alikuwa binti mdogo wa mkata mkonge, mkimya, anayekaa dawati la pili. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini. Vita vya Kagera vimekwisha, maduka yamekauka, sabuni na sukari ni kwa foleni, na daftari lilikuwa linaandikwa mpaka kwenye jalada. Boksi la chaki likifika kutoka wilayani lilipokewa kwa heshima. Binti yule alizitunza kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na kila asubuhi, kabla sijafungua rejista, alisimama kando ya meza na kutoa taarifa: "Shikamoo mwalimu. Jana vimebaki vinne na nusu." Ile nusu aliitaja kwa sauti ile ile ya vile vinne. Nikisahau kipande kwenye ukingo wa dirisha, kilifika koponi kabla ya mimi kufika ofisini. Vilivyokuwa vifupi kuliko ukucha vilikwenda kopo la pili, navyo vikawa mali ya darasa la kwanza, waliokuwa wanajifunzia herufi sakafuni.

Uhaba ule ulinifunza kuandika ubaoni kuliko redio ilivyonifunza. Ukijua kwamba kipande ulichoshika ndicho cha leo na kesho, huandiki ili ufute. Ubao niliugawa sehemu tatu kwa mstari mwembamba. Sehemu ya kushoto ilikuwa ya mambo yasiyofutwa mpaka kipindi kiishe: maneno mapya, kanuni ya hesabu, na pale pembeni juu zile Wav, Was na Jml ambazo kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anazikumbuka, idadi ya wavulana na wasichana waliohudhuria. Sehemu ya katikati ndiyo somo. Ya kulia ilikuwa uwanja wa fujo, ya kujaribia na kufuta. Mwenye kifutio aliruhusiwa kugusa hiyo ya kulia bila kuuliza. Zile mbili nyingine, aulize. Na alifuta kutoka juu kwenda chini, si kushoto kulia, ili vumbi litue chini ya ubao lisiingie macho ya waliokaa mbele. Nimeona walimu wenye shahada wakifuta ubao kwa kiganja na nusu ya darasa ikakohoa.

Ijumaa mchana ubao ulipakwa. Watoto walileta mkaa na majani ya viazi vitamu, wakatwanga, wakasugua ubao wote mpaka ukawa mweusi wa kung'aa, na mikono yao pia. Aliyekuwa na betri chakavu ya redio nyumbani aliikata, akaleta unga wake mweusi, na wiki hiyo alikuwa mtu mkubwa.

Madaftari ndiyo yanayomvuruga mwalimu mpya kuliko kitu kingine. Watoto themanini, masomo matatu ya kusahihisha kwa siku, na meza yenye mguu mmoja mfupi. Mwanzoni niliwaambia walete mezani. Walikuja wote. Mama wa daraja la A alikuwa nje akisubiri zamu yake, akaona lile rundo na wale watoto juu ya rundo, akaingia bila hodi. Utaratibu wake ulikuwa hivi, na mpaka leo sijaona ulio bora. Kila mtoto anafungua daftari kwenye ukurasa wa kazi ya leo na kulikunja nyuma. Wa dawati la mwisho wanawapa wa mbele yao, hao wanaweka yao juu, wanapitisha, hivyo hivyo mpaka dawati la kwanza. Aliye dawati la kwanza analeta fungu la safu nzima, anataja idadi kwa sauti, analiweka mezani. Fungu la safu ya pili linalazwa kukingama juu ya la kwanza, la tatu kunyooka, la nne kukingama. Hapo mwalimu anajua mambo matatu bila kunyanyua kalamu: ni safu gani imepungukiwa, nani hakuandika, na ukurasa uko wapi. Ukishasahihisha, fungu linarudi kama lilivyokuja, kila mtoto anatoa la juu na kupitisha nyuma. Hakuna kuita majina. Kuita majina themanini kunakula nusu ya kipindi, na wale wa herufi Z wamekwisha kulala.

Siri ya utaratibu huo ni kwamba mtoto akae pale pale alipokaa jana. Kwa hiyo kukaa nako kulipangwa, na kulipangwa kwa sababu. Wafupi mbele. Anayekunja uso akisoma ubao, mbele, hata kama ni mrefu, lakini pembeni asiwazibe wenzake. Anayesikia kwa shida, karibu na mahali mwalimu anaposimama. Marafiki wawili wanaocheka bila sababu hawatenganishwi kwa kupelekwa pembe mbili za chumba, maana watapigiana ishara juu ya vichwa vya wenzao. Wanawekwa safu moja, dawati la tatu na la tano, mmoja aone kisogo cha mwenzake.

Na zile dakika za kupishana! Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mwembeni. Ikilia mara ya kwanza, somo limekwisha hata kama sentensi haijaisha. Wanaanza kuimba, na wimbo ndio saa yetu. Ubeti wa kwanza: kila mtoto anaokota vilivyo chini ya miguu yake mwenyewe. Ubeti wa pili: wenye vitu wanarudisha vitu. Visoda vilihesabiwa kumi kumi kurudi kwenye mkebe, mkebe ukatikiswa kusikia kama umejaa. Ubeti wa tatu: mwenye kata, iliyochongwa kwa kifuu, ananyunyiza maji kwenye sakafu ya udongo, kidogo tu, isiwe tope. Maji yale yalituliza vumbi, na vumbi likitulia funza nao hupungua. Wafagiaji wa siku wanaanza ukutani kuja mlangoni, kwa chelewa, na fagio husimamishwa kichwa juu shina chini, zisipinde. Darasa la mchana lilipoingia lilikuta chumba kana kwamba hakuna mtu aliyekitumia tangu Uhuru. Kwa mama yule hicho hakikuwa kitu cha kusifiwa. Alitazama, akaingia.

Nisije nikapamba. Nyuma ya mlango kulikuwa na fimbo, na kuna watoto waliokumbuka kufunga dirisha kwa sababu ya fimbo tu. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa kuandikwa kitabuni. Zama zile kwetu hakuna aliyehesabu wala aliyeandika. Tena ile Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliiandika mwaka 1967, ilitaka shule iwe na shamba na mtoto aijue kazi. Haikusema mahali popote kwamba mtoto achote maji ya kuoga ya mwalimu, au abebe kuni kwa mke wa mwalimu. Walimu wengine waliisoma hivyo, na wakaisoma kwa bidii. Leo mzazi akisikia mwanawe amepewa kazi shuleni anakunja uso, na hakuanza kuukunja jana.

Halafu mambo yakabadilika, tena kwa heri. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza 2002, vikajengwa vyumba, vikaja vitabu. Sakafu ikawa ya saruji. Nilipata kabati lenye mlango na mlango wenye kufuli. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitarajia. Vitabu vilikuwa vichache na vya thamani, kwa hiyo ufunguo ukawa wa mwalimu. Na ufunguo ukiwa wa mwalimu, mwenye vitabu hakuhitajika tena. Nilikuwa nagawa mimi, nakusanya mimi, nahesabu mimi. Chaki nazo zikapatikana, mwenye chaki akakosa taarifa ya kutoa. Hakuna aliyezifuta zile kazi. Ziliondoka zenyewe moja moja, kila kitu kilipoacha kuwa adimu.

Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza, darasa la kwanza nililokabidhiwa Januari lilikaribia watoto mia na hamsini. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Siwalaumu wazazi hata kidogo. Kama mlango umefunguliwa, unataka mtoto abaki nje? Lakini njia baina ya madawati zilikwisha. Rais Magufuli aliendesha kampeni ya madawati nchi nzima, nayo madawati yakaja kweli, nasi tukayabananisha mpaka mtoto wa kona akitaka kwenda chooni anapita juu ya wenzake. Ule utaratibu wa kupitisha madaftari kutoka nyuma kwenda mbele unahitaji safu, na safu hazikuwapo. Kulikuwa na watoto tu, ukuta hadi ukuta.

Tulijitahidi na tulichonacho. Viroba vya unga tulivikata tukashona mifuko, kila kundi la watoto kumi likawa na mfuko wake, ukatundikwa msumarini kwa kamba ya katani, kwa kimo cha mtoto. Hicho kimo nakitilia mkazo, kwa sababu nimeona mifuko mizuri ajabu iliyotundikwa kwa kimo cha afisa elimu. Madaftari yalilala humo, hayakwenda nyumbani, maana daftari la mtoto wa darasa la kwanza likienda nyumbani hurudi limefungiwa karanga. Penseli zilikaa kwenye kopo la kundi, zinahesabiwa zinapotoka na zinaporudi. Mkuu wa kundi alibadilishwa kila mwezi, na hapo nikawa nimerudi kwa mama wa daraja la A kwa mlango wa uani. Ilisaidia. Haikutosha, na hakuna mfuko wa kiroba utakaotosha kwa watoto mia na hamsini.

Kipindi hicho hicho ndipo kuta zilipoanza kujaa. Mtaala wa KKK ulioanza 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulitaka mtoto asome, aandike na ahesabu, jambo la maana sana, na pamoja nao zikaja semina za darasa linaloongea. Kuta zipakwe herufi, namba, picha za wanyama, saa, ramani. Mabango ya manila yatundikwe kwa kamba kukatiza chumba. Nimefanya yote hayo na yamewafaa watoto. Ila hakuna semina iliyosema lini bango lishushwe. Ukutani kukawa na "a e i o u" ya Januari, na matunda ya Machi, na sehemu za mwili za mwaka juzi zilizochorwa na mwalimu aliyekwisha hamishwa, na zote zinaongea kwa pamoja. Mtoto anatazama ukuta kama mtu aliyeshuka stendi ya zamani ya Ubungo mara ya kwanza. Mimi nilijiwekea sharti: linalofundishwa wiki hii ndilo linalotundikwa mbele, lililokwisha fundishwa linahamia ukuta wa nyuma, la mwaka juzi linakwenda stoo. Mwalimu mwenzangu aliniambia nitapunguziwa alama wakija wakaguzi. Walikuja. Walihesabu mabango.

Nilistaafu 2019, na kama wastaafu wengi nikagundua kwamba pensheni na bei ya unga havisalimiani. Nikapata kufundisha Kiswahili katika shule moja ya kulipia mjini Tanga, zile zinazofundisha kwa Kiingereza. Watoto ishirini na wanane kwa darasa! Siku ya kwanza nilidhani wengine wamechelewa. Kuna rafu za plastiki za rangi, kila rangi na somo lake, kuna ubao mweupe na kalamu zake, kuna kapu la taka lenye kifuniko cha kukanyaga, kuna dada wa usafi anayepita kila mapumziko. Vyote mama wa daraja la A alivyotamani maisha yake yote, vimo.

Na darasa ni shaghalabaghala. Si uchafu, dada wa usafi ni hodari. Ni kwamba hakuna kitu ambacho ni cha mtu. Kalamu ya ubao imekauka na hakuna anayejua tangu lini. Rafu ya bluu ina vitabu vya rangi zote. Mtoto wa miaka tisa anaangusha penseli, anaitazama pale chini, halafu ananiambia, "Ticha, penseli imeanguka." Ananiarifu tu, kama anayeniambia mvua inanyesha. Chupa za maji zinabaki, masweta yanabaki, siku moja kilibaki kiatu kimoja, na mwenyewe alikwenda nyumbani kwa gari bila kuona tofauti.

Nikaanzisha kazi. Mwenye kalamu za ubao, ajaribu kila asubuhi na kunitajia iliyokufa. Mwenye rafu, mmoja kwa kila rangi. Mwenye taa na feni, kwa sababu umeme nao ni mali. Mwenye vilivyosahaulika, apite chini ya madawati kabla ya kengele ya mwisho. Na wawili wa ufagio, si kufagia chumba, ni kupitia tu pale wanapochongea penseli. Watoto walipokea kama waliogawiwa pipi. Mwenye kalamu, mtoto ambaye walimu walikuwa wamemwandika ni mtoro wa akili, alianza kufika mapema. Baada ya wiki mbili nilikuwa naanza somo dakika chache tu baada ya kengele, bila kupaza sauti.

Baada ya wiki ya tatu nikaitwa ofisini. Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kulikuwa na picha ya mtoto ameshika ufagio, na chini yake maneno ya mzazi: silipi ada hii mwanangu akafagie. Mwingine akaunga mkono. Mwingine akauliza kwa nini mwanawe hakupewa cheo chochote, ilhali wa jirani yake amepewa taa na feni. Mwalimu mkuu ni mtu muungwana, na ana bodi juu yake. Alinisomea orodha yangu kama mtu anayenunua kitambaa: hiki sawa, hiki sawa, hiki tupunguze. Ufagio ukaondoka. Vilivyosahaulika vikaondoka pia, kwa hoja kwamba mtoto asishike sweta la mwenzake baada ya korona. Kalamu, rafu, taa na feni vikabaki, kwa sharti la zamu ya wiki moja moja ili kila mzazi aridhike. Wiki moja mtoto hajamaliza kujua ni kalamu gani inasumbua, ameshampa mwenzake. Nilimweleza mkuu hivyo. Akasema, "Mzee wangu, najua."

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni mwalimu wa darasa la pili katika shule ya serikali nje kidogo ya mji. Ana watoto mia na thelathini na ushei. Mezani ana rejista ya karatasi, na pembeni yake kishikwambi, katika vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 na baadaye kugawiwa walimu. Mahudhurio anayaandika mara mbili, huku na huku. "Kishikwambi kinapanga takwimu vizuri sana," aliniambia. "Visoda hakipangi."

Nilikuwa nimejiandaa kumpa mawaidha ya chaki. Hakuyataka. "Mwalimu, chaki siku hizi si shida. Shida yangu ni mlango." Na kweli, watoto mia na thelathini kupita mlango mmoja ni ajali inayotafuta siku. Alichobuni ni kwamba safu ya karibu na mlango ndiyo ya mwisho kuingia na ya kwanza kutoka, na safu ya mbali ni kinyume chake. Aliye pembeni mwa kila safu ndiye anayeinua mkono wenzake wasimame. Hakuna anayemruka mtu. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuufikiria mlango. Kwetu hata wakisukumana walikuwa themanini. Nilisimama nje mapumziko yalipogongwa nikawatazama wakitoka, safu kwa safu, kwa muda mfupi kuliko darasa langu la ishirini na wanane pale mjini.

Sakafu yake ilikuwa safi, nami nikamwuliza wanafagia saa ngapi. Zamani tulifagia baada ya masomo. Watoto wa zamu walibaki, wakarudi nyumbani kwa miguu wakipiga soga. Akacheka. Siku hizi hawezi kumbakiza mtoto wa miaka minane. Bodaboda wa baadhi yao anangoja getini, barabara ina malori, na mama anapiga simu dakika tano baada ya kengele. Kwa hiyo anafagilisha ndani ya kipindi cha mwisho, dakika kumi kila siku, makundi kwa zamu, na wasio na zamu wanapanga mifuko ya madaftari ukutani. Mifuko ni ya viroba. Niliangalia kimo, ni cha mtoto.

"Na wathibiti ubora, wale wakaguzi wa zamani, wakikuta unafagia kwenye kipindi?" nikamwuliza. "Kwenye andalio la somo unaziandikaje hizo dakika kumi?"

"Afya na Mazingira," akasema. "Kwani uongo, mwalimu?"